Moto wa Baba

Ndugu msomaji, nikwambie ukweli. Riwaya niliyoianza baada ya kumaliza kidato cha nne ilikuwa na profesa wa Ulaya, mwenye koti jeupe na mashine za ajabu. Fundi wa kuchomelea mageti hakuwemo. Baba yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, nami nilimwonea aibu.

Ili profesa wangu awe wa kuaminika, nikasoma habari za Mfaransa Gérard Mourou. Mwaka 1985 yeye na mwanafunzi wake Donna Strickland walikuwa Rochester, Marekani, na tatizo lao lilikuwa hili: mwanga wa leza ukizidishwa nguvu mno, unaiharibu mashine yenyewe. Basi wakauchukua mpigo mfupi wa mwanga, wakaurefusha kwanza kwa kuupitisha katika uzi wa kioo wa kilomita 1.4. Makali yakapungua. Ndipo wakauongeza nguvu, na mwisho wakaubana tena. Mwaka 2018 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Baadaye Mourou alifundisha uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Michigan. Huko sasa ipo leza iitwayo ZEUS, inayotumia njia ileile. Mwaka 2025 ilifikia wati milioni bilioni 2. Lakini gawanya sekunde moja vipande milioni bilioni: mwanga wake unadumu vipande 25 tu! Ukiipiga gesi, elektroni zinabanduka kwenye atomu, gesi inageuka plazma, hali ya nne baada ya yabisi, kimiminika na gesi. Jua ni plazma. Radi ni plazma. Na ule mwali mweupe kati ya kijiti cha kuchomelea na chuma? Kumbe plazma vilevile! Mimi niliyepata F ya fizikia nilikuwa nikiuona tangu utoto.

Nikakimbilia karakanani.

“Baba, unajua unatengeneza nini hapo?”

“Geti la mama Asha.”

“Hapana, Baba. Plazma! Marekani wamejenga jumba zima la kuichunguza.”

Akacheka. “Nao wanavaa miwani?”

“Wanavaa.”

“Basi wana akili kunishinda.”

Nikakosa la kusema. Miaka mingi Baba alichomelea akifumba jicho moja tu, kwa kuwa pesa ya miwani ndiyo iliyokuwa karo yangu. Usiku alilala macho yakimchoma kana kwamba yametiwa mchanga. Siku hizi namba za tepu hazioni tena. Mimi ndiye ninayemsomea.

Profesa nimemhamishia sura ya tano. Sura ya kwanza inaanza na fundi aliyefumba jicho moja. Nitaiandika usiku, panapo majaliwa, maana geti la mama Asha halijaisha, na leo miwani navaa mimi.