‘Mama, mwaka huu pia nitaumwa?’

Ujumbe wa shule uliingia kwenye simu Jumanne jioni, katikati ya Januari. Alhamisi ya wiki inayofuata darasa la tatu lingekuwa na siku ya ski. Kila mtoto aje na ski zake, nguo za joto, chakula na kinywaji cha moto.

Mama, Mtanzania aliyekulia Njombe na ambaye sasa anaishi Oslo, mji mkuu wa Norwei, aliusoma mara mbili kisha akailaza simu kifudifudi mezani. Binti yake wa miaka minane alikuwa ameshauona.

“Mama,” aliuliza, “mwaka huu pia nitaumwa?”

Mwaka uliotangulia, ujumbe kama huo ulipokuja, familia ilikuwa na miezi mitano tu nchini humo. Mama hakuwa na ski, hakujua zinapatikana wapi, na katika ukoo wake wote hakumjua mtu aliyewahi kukanyaga theluji. Akaandika kwamba mtoto ana homa. Mtoto akashinda nyumbani akitazama katuni, mzima kabisa. Mama alidhani jambo limeishia hapo.

Kuazima kwanza

Wanorwei wana msemo kwamba wao huzaliwa na ski miguuni. Mama alikuwa ameusikia mara nyingi kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, na kwa namna fulani aliuamini. Aliona mchezo ule ni wa wenyewe, na mgeni kazi yake ni kutazama dirishani.

Aliyemtoa kwenye wazo hilo ni mwenzake wa zamu, dada wa Kikongo kutoka Uvira aliyelelea watoto wanne hapo hapo Oslo. “Dada, usinunue kitu,” alimwambia wakiwa wanapanga chakula cha jioni. “Watoto wanakua kila mwezi. Nenda ukaazime.”

Norwei ina vituo vinavyoitwa BUA ambavyo huazimisha vifaa vya michezo bila malipo. Mtu hujiandikisha, huchukua anachohitaji, hurudisha kikiwa kizima. Jumamosi mama na binti walikwenda. Kijana wa pale alimpima mtoto urefu na kumpa ski zilizomzidi kimo kidogo. Mama aliulizwa uzito wake, swali ambalo hakulitegemea. Sababu yake ni kwamba ski ya mtu mzima imepinda kidogo katikati kama upinde, na lazima uzito wa mtu utoshe kuibana chini. Fimbo zilipimwa hadi kwapani.

Ski zenyewe ni nyembamba na nyepesi. Hizi ni za kwenda masafa msituni, si zile pana za kushuka mlima kwa kasi. Kiatu hufungwa kwenye ncha ya vidole tu, na kisigino hubaki huru kunyanyuka, kama cha mtu aliyevaa ndala.

Mwisho wa reli, mwanzo wa msitu

Jumapili asubuhi walipanda treni ya mjini hadi kituo cha mwisho, Sognsvann. Mabehewa yalikuwa yamejaa watu wenye ski, wazee kwa watoto, kama daladala ya siku ya mnada ilivyojaa vikapu. Hakuna aliyewashangaa.

Kutoka kituoni ni mwendo mfupi tu hadi ziwani. Wakati huo wa mwaka ziwa huwa limeganda na kufunikwa theluji, na nyuma yake unaanza msitu wa misonobari ambao wenyeji wanauita Marka. Msitu huu umeuzunguka mji, na tangu mwaka 2009 una sheria yake inayouzuia kumegwa kwa ajili ya majengo. Chama cha ski kilichoanzishwa mwaka 1883 ndicho kinachotengeneza njia zake nyingi. Mashine kubwa hupita ikishindilia theluji na kuchonga mifereji miwili sambamba, mmoja kwa kila ski. Baadhi ya njia zina taa, kwa kuwa Januari giza huingia mapema alasiri. Hakuna kiingilio wala lango.

Siku hiyo ilikuwa nyuzi 6 chini ya sifuri. Mama alikuwa ameshauriwa kuvaa fulana ya sufu mwilini, si ya pamba, kwa kuwa pamba ikilowa jasho hukaa na ubaridi na mtu akaanza kutetemeka akiwa ndani ya jaketi nene. Alitii. Baridi haikumsumbua, Njombe nayo ina asubuhi zake za umande ulioganda. Taabu ilikuwa kusimama.

Alianguka kabla hajafika kwenye mfereji. Akainuka, akaanguka tena. Mara ya tatu alikaa chini, ski zimepishana kama mkasi, fimbo moja iko mbali, na watu wanapita. Binti naye alikuwa chini, ila yeye alikuwa anacheka.

Bibi mmoja wa Kinorwei, mwenye umri wa kutosha kuwa mama wa mama huyu, alisimama. Mjini Wanorwei hawana desturi ya kumsemesha mtu wasiyemjua, lakini msituni husalimiana. Bibi alimwonyesha: lala ubavu, weka ski zote mbili upande mmoja, zikae sambamba, piga magoti, kisha simama. Halafu akasema jambo ambalo mama hakulitarajia. Wote wawili waziache fimbo pembeni kwanza.

Bila fimbo, mtu hulazimika kujua uzito wake uko wapi. Katikati ya ski hizo, chini, kuna ukanda wa manyoya yaliyolala kuelekea nyuma. Ni kama mgongo wa paka: ukipapasa kwa kufuata manyoya mkono unateleza, ukirudi kinyume yanakataa. Ukisimama kwa uzito wote juu ya ski moja, ukanda unagusa theluji na kuishika, nawe unapata pa kujisukumia. Kisha uzito unahamia ski ya pili, nayo inateleza. Mama alikuwa anajigawa nusu kwa nusu kwa hofu, ndiyo maana hakuna ski iliyoshika wala iliyoteleza.

Alijaribu hatua kumi. Katika hatua ya saba au ya nane ski ya kushoto ilikwenda yenyewe, urefu wa mkeka hivi, kimya, na yeye juu yake. Binti alipiga kelele: “Mama umeteleza!”

Aliyefika wa mwisho

Kwenye kipandio cha kwanza walijifunza kutanua ncha za ski na kupanda wakiacha alama kama mifupa ya samaki. Kwenye mteremko walijifunza kinyume chake, ncha zikaribiane na visigino vitanuke, ili mwendo upungue. Waliona pia kwamba anayepanda humpisha anayeshuka, na kwamba mtembea kwa miguu hatakiwi kukanyaga mifereji.

Kila mtu aliwapita. Walipitwa na wazee, na baba aliyekuwa akivuta kigari cha mtoto mchanga. Walipitwa hata na watoto wa chekechea, na mmoja wao alianguka mbele yao puu, akalia, akapanguswa na kuendelea. Mama alimtazama mtoto yule kwa muda mrefu. Huyo naye hakuwa amezaliwa na ski miguuni.

Afrika Mashariki ina mtu wake katika habari hii. Mkenya Philip Boit alikuwa mkimbiaji, na aliiona theluji kwa mara ya kwanza mwaka 1996 alipopelekwa Finland kujifunza ski. Miaka miwili baadaye alikuwa Nagano, Japani, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, katika mbio za kilomita 10. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norwei. Boit alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma yake. Dæhlie alimsubiri mstarini muda wote huo na kumkumbatia, huku sherehe ya medali ikingoja. Boit alirudi kwenye Olimpiki mwaka 2002 na 2006, na mmoja wa wanawe alimpa jina la Daehlie.

Kikombe cha kakao

Baada ya saa moja walikuwa wamekwenda kama kilomita moja. Walikaa kwenye gogo, wakamenya chungwa na kunywa kakao kutoka kwenye chupa ya chai. Hapo mama alisema alichokuwa amekibeba tangu Jumanne.

“Mwaka jana hukuumwa, mwanangu. Mimi ndiye niliyeogopa. Nilidanganya, na haikuwa sawa.”

Binti alikuwa akipuliza kakao. “Nilijua,” alisema. Baada ya kimya kidogo akauliza, “Bado unaogopa?”

“Ile kona ya kushuka, ndiyo.”

“Ukiona unakwenda sana, kaa chini tu. Mimi nafanya hivyo.”

Wakati wa kurudi, kwenye kona ile, mama alikaa chini. Alichafuka theluji hadi shingoni.

Jioni walimpigia bibi Njombe kwa video. Mtoto alisema shikamoo, bibi akaitika marahaba, kisha akaonyeshwa picha. Bibi alitaka kujua kwa nini watu wazima wanatembelea mbao siku ya Jumapili, na kama huko hakuna barabara.

Alhamisi

Asubuhi ya Alhamisi mama alifunga mkate, chungwa na chupa ya kakao, akaweka glavu za akiba kwa kuwa za kwanza hulowa. Alimsindikiza mtoto hadi kona ya shule. Ski zilikuwa begani, zimefungwa kwa mpira, zikigonga nguzo kila walipokata kona.

Mchana binti alirudi na suruali iliyolowa, glavu moja na mashavu mekundu. Alikuwa ameanguka mara tisa, alizihesabu. Katika kundi lake alifika karibu na mwisho. Nyuma yake alikuwepo msichana mmoja aliyehamia darasani mwezi huo huo kutoka nchi isiyo na theluji, akilia kwa kushindwa kuinuka.

“Nikamwonyesha,” alisema binti, akivua viatu mlangoni. “Lala ubavu, ski upande mmoja, magoti, simama.”

Kisha akauliza kama Jumapili wangeweza kumchukua na yule mwenzake, pamoja na mama yake, kwa sababu mama yake naye hajui.