Mtu wa nyuma na tairi la nyuma

Hapa Kigali wengi wetu tunaijua pikipiki kwa kukaa nyuma. Mimi ni mmoja wao. Kazi yangu ni na vijana wa jamii yetu: kuwatembelea nyumbani, kukutana nao kwenye kikundi kila Jumamosi, kumsindikiza mmoja hospitali wakati mzazi wake hayupo. Kazi hiyo inanipandisha vilima na kunishusha vilima, na karibu kila mara ni kwa moto, kama tunavyoiita pikipiki hapa. Sina permis, usukani sijawahi kuushika. Lakini mgongo wangu unazijua barabara za mji huu.

Barabara zenyewe ni za aina tatu. Kuna kaburimbo, ile ambayo wageni wanaisifu. Kuna ya mawe yaliyochongwa, inayopita katikati ya mitaa mingi: haina matope, lakini inakutetemesha meno. Halafu kuna ya udongo. Mwezi wa saba ni vumbi jekundu na mashimo magumu kama saruji. Mwezi wa nne mvua imekata mifereji katikati, na motari anatafuta njia kama mtu anayevuka mto kwa kuruka mawe.

Tukitikisika tunalaumu barabara. Wengine wanalaumu shokapu. Tairi, au pine kama wanavyosema wengi wetu, hakuna anayelilaumu, na ndilo kitu pekee cha pikipiki kinachogusa njia.

Kilichonifanya niulize ni msichana mmoja wa kikundi chetu, miaka 19. Anaishi juu ya Nyamirambo, upande wa Mont Kigali, pale kaburimbo inapokwisha. Aliumia mgongo zamani na haujapona vizuri. Alianza kukosa mikutano. Vijana wenzake wakasema amechoka na sisi, eti anajiona. Nikapanda kumuona. Akanambia, "Yaya, siyo mkutano unanishinda. Ni moto. Nikishuka na kupanda siku moja, nalala siku mbili." Halafu akaongeza kitu: kuna motari mmoja tu, huyo akimbeba haumii sana. Njia ni ile ile, pikipiki ni aina ile ile na za wengine wa pale kona, na wala haendi polepole kuliko wao.

Sasa kwa nini huyo? Nilimuuliza mwenyewe, na yeye akanipeleka kwa fundi wake karibu na Nyabugogo. Nilichojifunza hapo ndicho ninachotaka kuwaachia.

Kwanza ni ukuta wa tairi. Pembeni ya tairi kuna maandishi. Pikipiki nyingi za abiria za hapa zina 3.00-17 nyuma na 2.75-17 mbele: namba ya kwanza ni upana kwa inchi, 17 ni kipenyo cha rimu. Karibu na hapo unaweza kukuta 4PR au 6PR. Hicho ni kipimo cha nguvu ya nyuzi zilizo ndani ya mpira. Tairi la 6PR linavumilia mzigo mzito na mawe makali, ndiyo maana mtu anayebeba abiria asubuhi na magunia ya viazi mchana analipenda. Lakini ukuta wake ni mgumu kukunjika. Likikuta jiwe halilimezi, linakurushia wewe uliyekaa juu yake. La 4PR linakunjika kidogo, linameza sehemu ya pigo, ila ukilizidishia mzigo linachoka haraka.

Pili ni upepo. Hapa ndipo fundi alipotikisa kichwa. Wengi wanajaza kwa kubonyeza na kidole gumba: likiwa gumu kama jiwe, wanaondoka. Pikipiki ya yule motari ilikuwa imeandikwa 25 kwa tairi la mbele, na la nyuma 28 akiwa peke yake, 32 akibeba mtu. Yeye anafuata hivyo. Mwenzake wa kona ile ile, tulipompima, alikuwa na 42 nyuma. Kwa 42 tairi linadunda kama mpira wa watoto: linaruka juu ya jiwe badala ya kulilalia. Upepo ukipungua sana nayo ni hatari, maana rimu inapiga jiwe na kuubana mpira wa ndani, na hapo pancha imefika. Kwa hiyo siyo kwamba laini zaidi ndiyo nzuri zaidi. Kuna namba, na namba hiyo imeandikwa.

Tatu ni meno. Meno makubwa yaliyoachana yanashika matope vizuri, mtu wa udongo wakati wa mvua anayahitaji. Lakini kwenye kaburimbo na mawe yananguruma na kutetemesha, na mpira unaogusa chini ni kidogo, kwa hiyo mawe yakilowa yanateleza. Meno madogo yaliyokaribiana yanatulia mjini, ila matope yanayajaza mara moja. Motari anayepita njia zote tatu kwa siku anatafuta ya katikati. Halafu angalia umri. Kuna namba nne pembeni ya tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi dukani linaweza kung'aa kama jipya, kumbe mpira umeshakauka na kuwa mgumu.

Na kwa nini abiria anaumia kuliko dereva? Dereva anakaa katikati ya magurudumu mawili. Mtu wa nyuma anakaa karibu juu kabisa ya gurudumu la nyuma, kama wale wa kiti cha mwisho kwenye basi. Tena dereva analiona shimo, anajiinua kidogo, anakaza mikono. Wewe unaona mgongo wake tu. Shimo linakukuta umelegea.

Kwa hiyo tairi linachaguliwa na mtu wa mbele, na anayelisikia zaidi ni mtu wa nyuma. Sisemi hivyo kumtukana motari. Nilirudi kona ile nikazungumza na yule wa 42. Akanijibu kwa heshima: "Yaya, wewe unalipa safari moja. Mimi tairi hili lazima linibebe miezi. Nikiweka laini, mawe yanalikula. Nikipata pancha moja asubuhi, wateja wa kazini nimewakosa wote." Ana haki. Pesa ya tairi anaitoa yeye, na siku ikiharibika ni watoto wake wanaokosa.

Lakini fundi alikuwa amenionyesha jambo moja, nami nikamuomba ainame tuangalie pamoja. Tairi lake la nyuma lilikuwa na kipara katikati, na pembeni meno bado mazuri. Hiyo ndiyo alama ya upepo uliozidi: linasimama kwenye mstari mwembamba, linaisha katikati, na breki inashika kidogo. Alifikiri anahifadhi mpira, kumbe anautupa. Hakukubali 4PR, alisema mizigo yake haimruhusu. Upepo alikubali kuushusha hadi 32.

Tairi la upepo lenyewe lilipata umaarufu kwa sababu ya mtu asiyechagua. Mwaka 1888 huko Belfast, daktari wa mifugo anaitwa John Boyd Dunlop alifunga mpira wenye upepo kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, ili mtoto aende vizuri kwenye njia mbaya. Mtoto alikuwa anatikisika, baba akafanya kitu. Sisi Wakongomani tunajua kilichofuata. Ulaya na Marekani zilitaka mpira kwa matairi, na katika Dola Huru la Kongo, ambalo Leopold II alilishika toka 1885 hadi 1908, wazee wetu walilazimishwa kuukusanya msituni, na kuna waliokatwa mikono. Watu walitembea raha kule, na waliolipa hawakuwa na baiskeli. Nikifikiri hivyo, swali la nani anatikisika na nani anachagua silioni kuwa dogo.

Kuna wanaoniambia nisijisumbue, pikipiki za umeme zinakuja. Ni kweli. Toka mwanzo wa 2025, pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali zinatakiwa kuwa za umeme. Nimezipanda, hazina moshi wala kelele. Lakini chini ni kitu kile kile: mpira, nyuzi na upepo. Ukijaza 42 kwenye pikipiki ya umeme, itakurusha bila kelele.

Kwenye kikundi tulichanga tukanunua kipimo cha upepo. Anakishika kijana wetu anayejifunza ufundi. Jumamosi kabla ya mkutano anakaa pale kona nusu saa, na motari anayetaka anapimiwa bure. Mwanzoni walicheka. Sasa kuna wanaomuita wenyewe, na wawili wamemuuliza kuhusu zile namba nne. Vijana nao wamejifunza kuuliza kabla ya kupanda, kwa adabu: "Kaka, nyuma umeweka ngapi?" Motari akishangaa, wanamweleza.

Yule dada bado anaumwa, tairi siyo dawa. Lakini Jumamosi tatu kati ya nne anafika, na wale waliosema anajiona wamenyamaza. Motari wake siku hizi ni wawili, na wa pili ni yule wa 42.