Amikejo, nchi isiyo na msimbo

Nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa nasafisha data ya mteja, hasa safu ya nchi. KE ni Kenya, hakuna shida. Kasheshe ilikuwa CS: kwanza ilikuwa ya Chekoslovakia, iliyogawanyika 1993, halafu mwaka 2003 wakapewa Serbia na Montenegro. Nchi zote mbili hazipo tena.

Nikajiuliza: nchi iliyokufa huacha angalau msimbo. Je, ile ambayo haikuzaliwa kabisa? Nikazama mtandaoni hadi saa nane usiku, nikakutana na Amikejo.

Mwaka 1816 Uholanzi na Prussia zilishindwa kukubaliana nani achukue mgodi wa zinki wa Kelmis. Zikaliacha eneo hilo, kama kilomita za mraba 3.5, lisiwe la yeyote, zikalisimamia pamoja. Likaitwa Moresnet. Ubelgiji ilipojitenga na Uholanzi mwaka 1830, ikachukua nafasi yake. Kufikia 1885 zinki ilikuwa imekwisha, na wenyeji wakaanza kuhofia kumezwa.

Daktari mmoja wa hapo, Wilhelm Molly, hakukubali. Mwaka 1886 alianzisha posta yenye stempu zake, ikafungwa upesi. Mwaka 1908 yeye na wenzake wakaja na wazo kubwa zaidi: nchi ya Kiesperanto, lugha ambayo Zamenhof aliichapisha 1887. Jina likawa Amikejo, yaani mahali pa urafiki. Hata wimbo wa taifa waliutunga, kwa mahadhi ya O Tannenbaum.

Hebu fikiria ingefaulu: nchi ya Ulaya ambayo lugha yake si ya jirani aliyeshinda vita. Lakini mimi ni mtu wa programu, nauliza nywila ya msimamizi ilikuwa kwa nani. Haikuwa kwa Molly. Ujerumani iliivamia Ubelgiji mwaka 1914, mwaka uliofuata Prussia ikaitwaa Moresnet, na baada ya vita, mwaka 1920, ikawa ya Ubelgiji.

Habari hii ilinichoma. Niliwahi kukusanya istilahi za kompyuta kwa Kiswahili, karibu mia nne, nikaziweka kwenye seva ya bure ya kampuni fulani. Siku moja huduma ikafungwa. Nakala sikuwa nayo. Kwa miaka niliilaumu kampuni ile, kumbe nilikuwa nimejenga kwenye kiwanja cha wenyewe.

Ila tazama jambo moja: Amikejo ilikufa, Kiesperanto bado kinazungumzwa. Kilikuwa kimeshanakiliwa, vitabuni na vichwani mwa watu wa nchi nyingi. Hakikuhitaji kiwanja.

Kwa hiyo nimeanza upya, kwa kukumbuka. Nimefika istilahi sitini, na nakala ziko sehemu tatu, moja kwa rafiki. Na wewe, kazi yako iko kwenye kiwanja cha nani?