Saa ya Marehemu Ina Thamani Gani?

 

Sisi tunaosomesha madrasa huitwa mara kwa mara kugawa mirathi, na watu hudhani kazi ngumu ni hesabu za thumuni na sudusi. Hesabu hizo ziko wazi. Kazi ngumu ni kujua kitu kina thamani gani kabla hakijagawanywa. Nyumba ina bei ya mtaa, ng'ombe wana mnada wao, lakini safari hii tuliwekewa mkekani saa ya mkononi.

Ilikuwa Buyenzi, Bujumbura. Marehemu, Allah amrehemu, katika ujana wake alikuwa fundi wa mitambo melini, na aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Madeni yalikwisha kulipwa. Saa yenyewe ni Seiko ya wapiga mbizi, nzito kama jiwe la mizani, kifuniko cha nyuma kimeandikwa 6309-7040. Mnunuzi mmoja wa mjini alitoa dola 30, na kaka mkubwa akataka aichukue yeye kwa bei hiyo, "iwe kumbukumbu ya baba." Dada yake alikuwa ameona kwenye intaneti mtu anauza ya aina hiyo kwa dola 1,200. Kati ya 30 na 1,200 ndugu hawa walikaa wiki tatu hawaamkiani, na mama yao katikati, bado yumo edani.

Tukasema, kabla ya bei tuijue saa. Seiko walitoa saa yao ya kwanza ya wapiga mbizi mwaka 1965, na hii ya 6309 ilitengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi mwaka 1988. Haikuwa pambo la matajiri bali saa ya kazi, na zilitoka nyingi. Kwa hiyo thamani yake leo haitokani na dhahabu wala uchache. Wanaozitafuta hulipa kwa sababu moja kubwa, kwamba saa imebaki kama ilivyotoka kiwandani. Ya namna hiyo ndiyo adimu, maana saa ya kazi hupasuka kioo, huingia maji, na fundi wa sokoni huweka kipande chochote alichonacho.

Tukamwita fundi wa saa, mtu mzima asiye na hisa katika jambo hili. Alianza na namba ya nyuma. Kwa Seiko za zama hizo, tarakimu ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi. Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa 0 au O, N na D. Yetu ilianza na 3 na 5. Tatu ni mwaka gani, 1973 au 1983? Mwaka 1973 mashine hii haikuwapo, na 1993 ilikwisha kuachwa, basi ni Mei 1983. Mama akatoa picha ya marehemu akiwa Dubai, nyuma imeandikwa 1984, na saa ile ile mkononi. Picha kama hiyo msiitupe. Ni shahidi, ingawa shahidi wa saa tu, si wa kila kipande kilichomo ndani yake.

Kisha akatazama uso wa saa kwa lenzi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo mno, kuna namba nyingine ambayo nayo huanza na 6309. Nyuso za kuiga huiandika pia, lakini mara nyingi wino wake umetapakaa. Wetu ulikuwa safi, na ile rangi ing'aayo gizani imegeuka kama maziwa yaliyochemka, hafifu. Mishale ikatoa habari nyingine. Tulipofunga madirisha, uso ulififia upesi lakini mishale iliendelea kuwaka kijani. Rangi iliyozeeka pamoja hufifia pamoja. Mishale ile ni mipya, na hata pete ya nje yenye dakika ni ya kuiga. Mashine ilikuwa yenyewe. Fundi alituonyesha kipimo kisichohitaji kufungua kitu: 6309 haitiwi ufunguo kwa mkono, hujitia yenyewe mkono unapotikisika, wala mshale wa sekunde hausimami ukivuta kile kidude cha kurekebishia majira. Ukikuta unasimama, ndani mna mashine nyingine.

Wala msidhani wanaodanganyika ni masikini tu. Mwaka 2021 saa ya Omega Speedmaster ya mwaka 1957 iliuzwa katika mnada wa Phillips mjini Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi, na mnunuzi alikuwa Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao. Mwaka 2023 wakatangaza kuwa imeungwa kwa vipande vya saa mbalimbali.

Yule mnunuzi wa dola 30 alirudi na shauri jipya: tumpe, ataweka uso mpya, aisugue mpaka ing'ae, aiuze nje kama ya asili, kisha tugawane. Tulikataa. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, na mnunuzi akiigundua ana haki ya kurudisha. Isitoshe angeng'oa kipande chenye thamani kuliko vyote, na kusugua kungekula zile kingo za bati ambazo hazirudi.

Kuhusu bei, zile dola 1,200 ni anazotaka muuzaji, na kutaka si kuuza. Fundi na dada mtu walikaa kutwa wakitazama zilizouzwa kweli, zenye mishale na pete zilizobadilishwa kama yetu, tukakubaliana dola 180. Mama thumuni yake dola 22.50, kila mtoto wa kiume 63, binti 31.50. Kaka mkubwa aliichukua saa na kuwalipa wenzake dola 117 kwa miezi miwili. Katika hati ya mirathi tuliandika vipande visivyo vya asili, ili siku akiiuza amkabidhi mnunuzi na nakala. Hakufurahi sana na sharti hilo, lakini alitia sahihi.

Mdogo wao akauliza kama kaka anaweza kuogelea nayo ziwani, kwa kuwa imeandikwa mita 150. Fundi akamjibu asiingie nayo hata bafuni mpaka pete za mpira za ndani zibadilishwe na ipimwe kwa shinikizo, maana mpira wa miaka mingi hukauka na kupasuka. Mpira mpya haupunguzi bei hata senti. Hakuna anayetafuta mpira wa mwaka 1983.