Bastola ya ndoto zangu

Siku nyingi sijaonekana hapa, mitihani imetubana kwelikweli. Leo kwenye lekcha ya usanifu wa mashine nikajikuta nachora bastola pembeni ya daftari. Msinicheke, sisi watu wa mekanika ndivyo tulivyo.

Kiunzi nimechukua cha Glock 17, ile ya Austria ya 1982: plastiki, nyepesi, risasi 17. Mshikio ni wa CZ 75 ya Wacheki, wenyewe wanasema unakaa mkononi vizuri. Triga ya Colt M1911, ile inayorudi nyuma moja kwa moja badala ya kuzunguka kwenye pini. Mambo safi!

Halafu nikamkumbuka baba mdogo. Ana leseni, na bastola yake anaitunza. Siku moja alichomoa magazini ili aisafishe, akaamini haina kitu. Kumbe risasi moja imebaki kwenye chemba. Akavuta triga, ikampata pajani. Mpaka leo anachechemea.

Basi nikaongeza kidude cha Browning Hi-Power ya 1935: ukichomoa magazini, triga haifanyi kazi. Wapiga shabaha wengi hukitoa, eti kinafanya triga iwe nzito. Na iwe nzito tu, jamani! Kingekuwepo kwenye ile bastola, baba mdogo angekuwa bado anacheza mpira na sisi.

Ila hata hicho si cha kukiamini. Kwanza chungulia chemba.

Haya, narudi kwenye kitabu. Nyie mngeongeza nini?