Alibonyeza "Rejesha", Zikayeyuka Episodi Tano za Mpenzi Wake

Majina kapuni, kwa sababu wote wawili wana watu wanaowafuatilia mitandaoni na mmoja wao bado anadai malipo ya awamu ya pili. Itoshe kusema kwamba mwanadada anaandika skripti za tamthilia, anakaa Sinza, na jamaa yake ni fundi wa kompyuta. Yule fundi wa "leta niiangalie". Hata ukimpelekea pasi, atakuuliza mara ya mwisho iliyopigwa Windows ni lini.

Wako pamoja mwaka wa tatu sasa. Laptopu ya mwanadada ni mtumba wa Kariakoo, imechoka pembeni lakini jamaa aliiongezea RAM ikafika GB 8, akatoa Windows akaweka Ubuntu ili iwe nyepesi na isisumbuliwe na vairasi. Shida ikaja kwamba watu wa tamthilia wanatuma skripti kwa Word, na ukizifungua kwa programu nyingine mistari inahama, majina ya wahusika yanarukia katikati ya maneno, vurugu tupu. Jamaa akapata suluhisho. Akaweka VirtualBox, na ndani yake akaweka Windows. Yaani kompyuta ndani ya kompyuta, mashine pepe. Dada akitaka kuandika anafungua Ubuntu, anafungua Windows iliyo ndani, anafungua Word. Mzunguko, lakini ilikuwa inafanya kazi.

Baada ya kuisafisha hiyo Windows akaipiga snapshoti, akaiita SAFI. Akamwambia mpenzi wake, "Babe, hata ikipata nini, nabonyeza hapa tu inarudi kama mpya." Na ni kweli inarudi kama mpya. Tatizo lote la stori hii liko kwenye hayo maneno.

Snapshoti inafanyaje kazi? Chukua picha iliyochorwa ukutani, halafu uifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga. Kuanzia hapo huchori tena ukutani, unachora juu ya nailoni. Ukitazama unaona vyote kwa pamoja kama picha moja. Mashine pepe ndivyo inavyofanya: ukipiga snapshoti, diski ya mwanzo haiguswi tena, na kila unachoandika baadaye kinaingia kwenye faili jingine la pembeni, faili la tofauti. Ukisema "rejesha", mashine inachana nailoni na kuweka nyingine nyeupe. Picha ya ukutani ipo salama. Ulichochora wiki tatu zote juu ya nailoni ndicho kimekwenda. Watu wengi wanadhani snapshoti ni bakapu ya kazi zao, kumbe inalinda ya jana tu, ya leo haina habari nayo.

Mwanadada alikuwa na mkataba wa episodi 13. Tano za mwanzo zilishatumwa. Ya 6 hadi ya 10 aliziandika ndani ya hizo wiki tatu baada ya SAFI, usiku kwa usiku, na zilitakiwa Jumatano. Alhamisi akasafiri kwenda Morogoro kwenye sendofu ya binamu yake. Laptopu akaiacha kwa jamaa, na kusema ukweli ni yeye mwenyewe aliyesema, "Windows imeanza kuleta matangazo ya ajabu, hebu niangalizie."

Hapo wadau mnaweza kuanza kugawana timu. Timu jamaa watasema aliombwa. Tena alishamtengenezea folda ya kuhifadhia kazi, inaitwa PAMOJA, iliyo nje ya mashine pepe, ambayo hata Windows ikifa haiguswi. Timu dada watajibu kwamba hiyo PAMOJA kuna siku ilikuwa haionekani kabisa Windows ikiwaka, alishamwambia zaidi ya mara moja, akajibiwa "nitairekebisha". Ndipo akaanza kuhifadhi kwenye Documents kama watu wote duniani.

Ijumaa usiku jamaa akakaa mezani. Matangazo kweli yalikuwa yanaruka. Hakufungua Documents, hakupiga simu Morogoro. Akaenda kwenye SAFI, akabonyeza. VirtualBox sio programu ya kihuni, ilimuuliza. Ilimwambia kwamba hali ya sasa itapotea moja kwa moja, na kuna kiboksi cha kuweka tiki ukitaka hali hiyo nayo ipigwe snapshoti kwanza. Diski ilikuwa imejaa karibu pomoni, na lile faili la tofauti lilishafika kama GB 40. Kuweka tiki ni kuendelea kuzibeba hizo GB 40. Akaona zinamjazia nafasi bure. Kiboksi kikabaki kitupu.

Windows ikawaka inang'aa. Akafungua PAMOJA kuhakikisha, akakuta episodi ya 1 hadi ya 5. Akashuka chini, akapanda juu. Tano tu.

Mpaka hapo ni makosa ya binadamu. Kilichofuata ndicho kilichowagombanisha.

Jamaa hakupiga simu. Alijua mpenzi wake yuko kwenye shughuli, amevaa sare, anacheza, hakutaka kumharibia. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Akashinda usiku akisoma mtandaoni namna ya kurudisha, akachoka. Jumamosi akaamua amtafutie kitu cha kumpoza. Kuna tamthilia ya Kikorea dada alikuwa anailalamikia muda mrefu, akaishusha msimu mzima, kama GB 14, kwenye laptopu ileile ili akirudi aikute.

Sasa fikiria. Faili likifutwa kwenye diski halifutiki papo hapo. Kinachofutwa ni anuani yake, na zile sehemu zinaandikwa kuwa ziko wazi, mtu yeyote anaweza kuhamia. Vilivyomo vinabaki pale mpaka vifunikwe na kitu kingine. Kwenye diski iliyojaa pomoni, karibu nafasi yote iliyobaki wazi ilikuwa ni ileile iliyoachwa na faili la tofauti. Kwa hiyo Wakorea wangehamia wapi tena? Walihamia juu ya episodi za dada.

Jumapili jioni dada kashuka stendi ya Magufuli, kachoka, kafika nyumbani na senene za mtu aliyesafiri kutoka Bukoba kuja kwenye sendofu. Kafungua laptopu. Jamaa kasimama mlangoni kwa sauti ya pole kabisa: "Babe, ile Windows iliharibika yenyewe. Vairasi imekula kila kitu. Nimejitahidi."

Dada hakupiga kelele. Aliuliza swali moja, "Hata ya kumi?" Kisha akaingia chumbani. Wanaoandika wataelewa. Episodi ya 10 ndiyo ambayo mama mkwe anagundua siri, ndiyo iliyomfanya aamini kwamba tamthilia yake ni nzuri.

Usiku uleule akampigia rafiki wa jamaa, kaka mmoja anayefanya kazi kitengo cha kompyuta katika ofisi moja mjini. Akamweleza kama alivyoelezwa. Yule kaka hakumuuliza mengi.

"Shem, laptopu inawaka sasa hivi?"

"Ndiyo."

"Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Usiifunge kistaarabu, izime hivyohivyo. Na mtu asiiwashe tena, hata kuangalia saa."

Jumatatu baada ya kazi akaja na flashi na diski ya nje. Hakuiwasha laptopu kwa Ubuntu yake, aliiwasha kwa mfumo ulio kwenye flashi ili diski ya ndani isiandikwe hata herufi moja. Akaingia kwenye folda ya mashine pepe kusoma tu. Mafaili nayo yana saa ya kuzaliwa, na Ubuntu huiweka. Faili la tofauti lililokuwepo lilizaliwa Ijumaa, saa 4 na dakika kadhaa usiku.

"Vairasi hawezi kufanya hivi," akasema. "Hii imerejeshwa snapshoti. Ijumaa usiku nani alikuwa na mashine?"

Chumba kikawa kimya kiasi cha kusikia feni. Dada alikuwa Morogoro na picha za status za usiku ule zipo. Jamaa akatazama miguu yake, akasema, "Mimi."

Kaka wa ofisi alikuwa na hasira ya kifundi, ambayo ni tofauti kabisa na ile ya mapenzi. Alichomuuliza rafiki yake ni kwa nini hakusema Ijumaa ileile. Alimwambia pia kwamba hata hakuhitaji kurejesha chochote, VirtualBox inakuruhusu kutengeneza nakala ya mashine kutoka kwenye snapshoti. Unapata Windows safi pembeni, na ile chafu inabaki ilivyo mpaka mwenyewe arudi achukue vyake. Halafu akauliza ni nini kimeingia kwenye diski tangu Ijumaa. Jamaa akasita. "Tamthilia," akasema. Dada akacheka, ile ya kukosa pa kulilia.

Bahati ikaja kutoka mahali pasipotarajiwa. Laptopu ilikuwa bado na hadi diski ya zamani, ile inayozunguka na kunguruma. Jamaa alikuwa anadunduliza amnunulie SSD kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa. Angewahi, pengine mchezo ungeishia hapo, maana mfumo huiambia SSD kwamba sehemu fulani haina kazi tena, na SSD huifagia yenyewe kimyakimya. Diski ya kuzunguka haina usafi huo.

Wakatumia PhotoRec, programu ya bure. Haihangaiki na majina ya mafaili wala folda, inapita diski kipande kwa kipande ikitafuta alama za mwanzo za kila aina ya faili. Faili la Word la docx linaanza na herufi PK, kwa sababu ndani yake ni faili la zip. Na kwa vile skripti ni ndogo, haikuwa lazima kulifufua lile faili lote la GB 40. Walitafuta karatasi zilizokuwa ndani yake moja kwa moja, kwenye nafasi zilizo wazi tu, na kila kilichopatikana kikamwagwa kwenye diski ya nje.

Ilichukua usiku mzima. Asubuhi walikuwa na mafaili zaidi ya 200 ya Word yasiyo na majina, yote herufi f na tarakimu ndefu. Wakagawana nusu kwa nusu, dada kwenye laptopu ya kuazima, jamaa kwenye yake. Hakuna aliyemsemesha mwenzake zaidi ya "hii ni ya saba" na "hii haifunguki".

Kila ukibonyeza kuhifadhi, Word huandika faili upya na la zamani linaachwa, kwa hiyo yalirudi matoleo ya kila namna. Episodi ya 7 ilirudi mara tisa. Katika toleo moja la zamani la episodi ya 9 jamaa akakutana na tukio ambalo dada alishalifuta. Kijana anayeitwa Beka anatengeneza redio ya mama mkwe bila kuombwa, inakufa kabisa, halafu anamwambia umeme ulikatika. Jamaa alilisoma mara mbili. Liliandikwa wiki mbili kabla ya Ijumaa ile.

Hakusema kitu. Alilihifadhi pamoja na mengine.

Ya 6, ya 7 na ya 9 zilirudi nzima. Ya 8 ilirudi toleo la katikati. Ya 10 hakuna, hata ukurasa. Kama ni Wakorea walioifunika hakuna anayeweza kuthibitisha, lakini katika nyumba ile huwezi kuwatetea. Dada aliiandika upya kwa kukumbuka, anazunguka chumbani akitaja maneno, jamaa anachapa. Waliiwasilisha Ijumaa badala ya Jumatano, na malipo ya awamu ya pili yakasogezwa mbele.

Bado wako pamoja. Kufuta alimsamehe siku ileile, alisema hata yeye angeweza kubonyeza. Zile siku mbili za kuambiwa vairasi ndizo ambazo mpaka leo zikitajwa mtu anatoka nje kupokea simu isiyolia. Snapshoti anapiga mwenyewe sasa, PAMOJA imerekebishwa, na kila jioni kazi inanakiliwa kwenye flashi inayokaa kwenye pochi yake. Beka na redio yake wamerudishwa kwenye episodi ya 9.

Msimu ule wa Kikorea bado uko kwenye diski, GB 14 zote. Hakuna aliyeutazama na hakuna aliyethubutu kuufuta.