Titi Lilipoficha Moyo

Picha ya moyo ya nyuklia haipigwi kama eksirei. Miale inatoka ndani ya mtu mwenyewe. Unadungwa dawa yenye teknesiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila saa 6. Inafuata damu hadi kwenye msuli wa moyo na kutulia huko, halafu kamera inakuzunguka polepole ikihesabu miale. Palipofika damu nyingi panang'aa, pasipofika panabaki giza.

Shida ni kwamba miale lazima ipenye nyama ndipo ifikie kamera, na nyama huzuia. Titi kubwa likilalia kifua, ukuta wa mbele wa moyo unafifia. Kwa wanaume mara nyingi ni kiwambo cha tumbo, na giza huangukia ukuta wa chini. Ini nalo hufyonza dawa hiyo hiyo, liking'aa jirani na moyo mpaka likavuruga picha. Ukijisogeza kidogo tu, basi, hesabu imeharibika.

Haya niliyajua baada ya ripoti ya mama kusema: upungufu wa damu, ukuta wa mbele. Kaka zangu wakaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wawili, maana kilichofuata ni kuingizwa mpira mwembamba hadi moyoni, na hiyo si bei ya sukuma wiki. Mama akaacha kupanda kilima kwenda kanisani, ati asiuchoshe moyo.

Daktari wa pili alifungua zile picha zinazocheza, moyo ukidunda. Giza lilikuwa palepale, kwa mazoezi na kwa mapumziko, lakini ukuta ulikuwa unajikaza na kunenepa vizuri kabisa. Kovu halifanyi hivyo, akasema. Kisha akamuuliza mama, kwa heshima, kuhusu saizi ya sidiria yake. Mimi nikaangalia dirisha.

Mama akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo. "Kumbe ni haya maziwa? Yamelea watoto saba, sasa yaniuzie ng'ombe?"

Ripoti ya kwanza haikuwa imetaja titi hata mara moja. Nahisi ni haya, au haraka tu, na bado inaniuma. Kuna mashine zinazopiga pia siti skani ndogo ili kukadiria nyama imezuia kiasi gani. Ile ya mama haikuwa nayo.

Anaendelea na dawa zake za presha, na kliniki ni baada ya miezi mitatu. Ng'ombe mmoja alikuwa ashaenda. Huyu mwingine anamkamua mwenyewe.